Donge la Unga Chini ya Injini

Ukitaka kumjua fundi wa injini, usimtazame anapofunga kichwa cha silinda. Huko juu kila mtu ni hodari, kwa sababu mwenye gari huwa amesimama hapo akitazama. Mngoje afike chini, kwenye sampu, lile bakuli la bati linaloshika oili tumboni mwa injini. Wakati huo mwenye gari ameshachoka kusimama, fundi ameshanusa chakula cha jirani, na kazi iliyobaki yaonekana ndogo: gasketi moja ya kuziba mwanya, bolti za kuzunguka, basi. Nimeona injini nyingi zilizofungwa vizuri toka juu hadi katikati, kisha zikauliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kunawa mikono.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa. Mimi nimeweka spana chini kabla ya umri wa wenzangu. Mgongo ulikataa kulala chini ya magari, na miguu yangu tangu zamani haikupenda kukaa mahali pamoja. Nimefanya kazi Tanga, nikavuka Unguja, nikaenda Maskati, nikarudi nikakaa Nairobi, ambako mtu hukuuliza shida ya gari kabla hajakuuliza hali. Lakini kila ninapoikumbuka kazi, gereji inayonijia ni moja tu, ile ya Fundi Mbarak aliyenifundisha kazi, huko Mombasa, pale Makadara inapopakana na Mji wa Kale, miaka ya tisini.

Haikuwa gereji ya kujivunia. Ilikuwa ua wenye mlango mpana, nusu yake umeezekwa mabati, nusu yake umeachiwa jua. Ukutani tulitundika gasketi kama watu wanavyotundika samaki wa kukausha. Mlango wa pili alikaa Bi Mwanakombo, mama mtu mzima aliyepika chapati na mahamri kwa ajili ya mahoteli madogo ya mtaa ule. Moshi wake uliingia kwetu na oili yetu ikaingia kwake, na kila mmoja alimsamehe mwenzake.

Fundi Mbarak alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata akiwa chini ya lori. Alijifunza kwa mzee mmoja wa Kihindi huko bandarini, na kwa mzee huyo alirithi adabu mbili. Ya kwanza ilikuwa spana. Spana ya bolti za sampu aliikata kwa msumeno ikabaki fupi kama kidole gumba, ili mtu mwenye nguvu asipate pa kushika.

"Sampu ni bati," alikuwa akituambia. "Ukiikaza kama unafunga gurudumu, utaikunja midomo, na oili itapita hapo hapo ulipokaza. Wewe wataka ishike, hutaki ilie."

Akaanza katikati, bolti moja kushoto, moja kulia, akienda nje kidogo kidogo, kisha akarudi tena kutoka mwanzo. Na kabla ya hayo alikuwa ameilaza sampu juu ya gogo la mvule, akaigonga midomo yake kwa nyundo ndogo mpaka ikanyooka. Kama hamfanyi hivyo, mwajisumbua na gasketi nzuri bure.

Adabu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya. Lakini kwanza niwaambie kuhusu mrija, maana bila kuuelewa hamtaelewa lililotupata.

Ndani ya sampu mna mrija unaoshuka kutoka kwenye pampu ya oili, na mdomoni mwake pana chujio la waya. Hilo ndilo koo la injini. Kila tone linalofika kwenye beringi limepita hapo. Mrija ukikaa juu mno, gari likipanda kilima oili hukimbilia nyuma, na pampu ikavuta hewa. Ukikaa chini mno hata ukagusa sakafu ya sampu, ni kama mtu aliyebana midomo yake kwenye kiganja akitaka kunywa. Nafasi iliyotakiwa, kwa malori tuliyoyashughulikia, ilikuwa unene wa penseli ya shule, na ikizidi, izidi kidogo.

Na pale mrija unapoungana na pampu, wekeni pete mpya ya mpira kila mara. Ile ya zamani yaweza kuonekana nzima, lakini imekauka, na pampu itavuta hewa kwa ufa usioonekana. Ipakeni oili kwanza isije ikajikunja. Na pampu yenyewe ijazeni oili kabla hamjaifunga, maana pampu kavu haina nguvu ya kuvuta. Mzee Mhindi aliijaza vaselini badala ya oili, na Mbarak naye vaselini, na nilipofika Maskati nikakuta Mbaluchi mmoja anatumia vaselini, nikajiona niko nyumbani.

Kuhusu silikoni, ile gundi ya kuzibia, nitasema moja. Bwana mmoja wa Kizingo alituletea gari lake dogo, injini imefunguliwa na kufungwa kwingine, taa ya oili yawaka na kuzima. Tulipoangusha sampu tukakuta chujio limeziba kwa vipande vyekundu, laini, kama mtu aliyemwaga pilipili za kuchoma. Fundi aliyeifunga aliipaka silikoni kama anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyotoka nje aliifuta vizuri ikapendeza. Iliyoingia ndani hakuiona, lakini mrija uliiona. Wekeni kidogo kwenye pembe, pale gasketi mbili zinapokutana, na mwache ikauke kabla ya kutia oili. Zaidi ya hapo mwajipikia matatizo.

Sasa, adabu ya pili. Ukiwa umebadilisha sampu, utajuaje nafasi kati ya mrija na sakafu, na ukishafunga huwezi kuchungulia? Nyinyi leo mna vipimo vya kila aina. Mbarak alitumia unga wa chapati. Alichukua donge la unga uliokandwa, akalifunga kwa karatasi nyembamba ya nailoni lisichafue oili, akalibandika juu ya chujio, huku injini imelala miguu juu. Kisha akaweka gasketi na sampu, akakaza bolti kwa mkono, akazifungua tena. Donge likatoka limebanwa. Akalikata katikati kwa wembe, akaweka penseli ubavuni mwake. Vikilingana, kazi njema. Visipolingana, akaukunja mguu wa mrija taratibu, akapima upya.

Unga wa chapati ni mtiifu. Ukiubana unabaki ulivyoubana. Mzee Mhindi alijua hilo, na Mbarak hakuwahi kukosea.

Donge alilitoa kwa Bi Mwanakombo. Alibisha hodi ukutani, akasema, "Mamangu, nipe kidonge," na mkono ukatokea juu ya ukuta na donge kwenye sahani. Hakuulizwa la nini.

Basi kulikuwa na dereva akiitwa Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, aliyeendesha lori la Bwana Awadh. Bwana Awadh alikuwa mfanyabiashara mwenye ghala la nafaka Shimanzi, mtu wa ukoo uliokuja zamani kutoka Hadhramauti, mpole wa maneno lakini asiyerudi nyuma akishaamua. Kazungu alikuwa mrefu, mkimya, na gari alilitunza kuliko wengine walivyotunza nyumba. Kila asubuhi, kabla ya kupakia, alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya, akakitazama juani. Wenzake walimcheka.

"Kazungu, injini haitazaa leo, iache."

"Nikiiacha mimi, nani ataiangalia? Wewe?"

Siku moja Kazungu alikwepa mkokoteni huko Shimanzi, lori likapanda jiwe, sampu ikapasuka. Alizima hapo hapo, injini haikudhurika sana, lakini kwa kuwa ilikuwa imeshachoka, Bwana Awadh akasema tuifungue yote tuiunde upya. Sampu ile haikuwa ya kuziba. Tukapata nyingine kwenye lori lililokufa, la namna ileile lakini la toleo jingine, na kina chake kilipungua kidogo. Mbarak akasema itafaa, tutapima.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, tena Ijumaa. Tuliilaza injini miguu juu asubuhi, Mbarak akabisha ukutani, donge likaja. Akalibandika, akafunga sampu. Adhana ikatukuta hapo. Tukanawa, tukaenda msikitini, hotuba ikawa ndefu, jua likapiga mabati yetu. Tuliporudi, Mbarak akafungua, akakata donge, akaweka penseli. Akashangaa.

"Nafasi kubwa hii. Penseli mbili."

"Sampu yenyewe ni fupi," nikamwambia. "Ilitakiwa nafasi ipungue."

"Mimi napima, sibahatishi," akasema. Akaukunja mguu wa mrija, akaleta chujio karibu na sakafu. Akapima tena kwa donge lililobaki kwenye sahani. Akafungua, akatafuta wembe, akakata. Penseli moja kamili. Akafurahi, akafunga kazi.

Injini iliwaka vizuri mno. Kazungu alipokuja kuichukua alisimama akiisikiliza, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza mtoto akisoma. Akatushika mikono sote wawili.

Kabla ya wiki kwisha lori lilirudi likivutwa kwa mnyororo.

Kazungu alikuwa amepakia mahindi, amevuka Makupa, anapanda kilima cha Changamwe. Katikati ya kilima taa nyekundu ikawaka. Kabla hajapata pa kusimama, beringi zikaanza kugonga. Akazima, akashuka, akachomoa kijiti: oili imejaa. Magari nyuma yake yalipiga honi mpaka Makupa.

Bwana Awadh alikuja nyuma ya lori lile kwa gari lake dogo, usukani wa lori ameushika mtu mwingine, Kazungu kwa miguu nyuma yao, na hapo tukajua pana jambo. Wakaamkiana na Mbarak vizuri, za nyumbani, za watoto, swaumu yaendaje. Kisha Bwana Awadh akasema:

"Fundi, wewe nakuamini. Injini mpya haifi kwa siku chache ila kwa kukosa oili. Huyu asema ilikuwa imejaa. Mimi nasema aliijaza baada ya kuiua. Ufunguo nimeshauchukua. Lakini sitaki kumdhulumu mtu mwezi huu. Fungua, uniambie neno moja: ni dereva au si dereva. Ukisema ni yeye, aende kwao. Ukisema si yeye, ufunguo wake huu hapa."

Kazungu hakujitetea. Alimtazama Mbarak tu, akasema, "Fundi, mimi oili naiangalia."

"Najua," Mbarak akamjibu. Lakini hakulisema kwa nguvu.

Walipoondoka tukabaki na injini. Niseme kweli, neno lile lilikuwa jepesi kutamka. Madereva husingiziwa kila siku, na Bwana Awadh alikuwa ameshaamini. Kama fundi wangu angesema ni dereva, hakuna mtu Mombasa nzima ambaye angembishia. Mbarak hakulizungumza hilo hata mara moja. Alikunja mikono ya shati, akasema, "Tuanze chini."

Tukamwaga oili. Ilikuwa nyingi, ilikuwa safi, ila imejaa vumbi la shaba la beringi. Tukaangusha sampu. Nikaifuta kwa kitambaa, nikaigeuza juani, nikaona kitu. Katikati ya sakafu yake palikuwa na duara linalong'aa, kubwa kama kikombe cha kahawa.

Nikampa. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaipeleka kwenye mrija, akaliweka duara chini ya chujio. Vililingana kama kifuniko na chungu.

"Chujio lilikuwa linasugua sakafu," nikasema.

"Naona."

"Injini ikiwa silesi, ikizunguka polepole bila mzigo, lilipata oili ya kutosha. Ulipokuja mzigo na kilima..."

"Naona, Hamisi. Nina macho." Akakaa juu ya tairi. "Lakini nilipima. Mara mbili."

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kazi, kuliko siku zote nilizoshika spana. Kazungu alikuwa ameshaokoka. Lile duara lilitosha. Mbarak angeweza kumwambia Bwana Awadh kwamba sampu ya mtumba imetukosesha, na yangekwisha. Hakutaka. Alitaka kujua kipimo chake kilidanganya wapi, kwa sababu kipimo kilekile alikitumia kwa watu wote, na angekitumia kesho.

"Tufanye kama tulivyofanya," akasema. "Kila kitu."

Akabisha ukutani. Mkono ukatokea na donge. Akalibandika kwenye chujio, akafunga sampu, akakaza bolti kwa mkono. Nikataka kufungua. Akanizuia.

"Siku ile tulikwenda kuswali. Ngoja."

Tukangoja. Kile kilichobaki cha donge kilikuwa kwenye sahani, juu ya boksi la spea, penye jua. Mbarak alikaa akikitazama, mimi nikimtazama yeye. Sijui ni nani aliyeona kwanza. Donge lilikuwa linakua. Lilikuwa limejaa, laini, limetuna kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.

Hapo Bi Mwanakombo akaingia kutaka sahani yake. Akatukuta wanaume wawili wazima tumekaa kimya mbele ya donge la unga.

"Mna nini nyinyi? Mwalinda?"

"Mamangu," Mbarak akamuuliza polepole, "huu unga wa nini?"

"Wa mahamri. Mwezi wa Ramadhani nimpikie nani chapati mchana? Hukanda mahamri ya kufuturia."

"Una hamira."

"Mahamri bila hamira wataka kuyala wewe?" Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani samaki hawaupendi?"

"Samaki gani?"

"Si wewe huvua? Miaka yote waniomba chambo. Nikasema, huyu Mbarak hupenda kuvua changu lakini ni mvuvi mbaya, maana sijaona hata mkia mmoja kwangu. Ndiyo nikakupa wowote, samaki hajui chapati na hamri."

Mbarak alivua kofia. Niliwaambia kwamba hakuwa akiivua. Akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika, nami sikujua kama analia mpaka nilipomsikia. Alicheka mpaka akakohoa, na mdomo ulikuwa mkavu kwa swaumu.

"Mamangu," akasema, "kwa donge lako nimevua lori zima."

Tukafungua sampu. Mara ilipoinuka, unga uliokuwa umebanwa ukainuka nao, ukashiba hewa mbele ya macho yetu. Tukaukata, tukaweka penseli: nafasi nzuri. Akachukua njiti ya kiberiti, akaiingiza chini ya ukingo wa chujio kwa tundu la kumwagia oili, huku sampu nimeirudisha na kuishikilia mahali pake. Njiti haikupita.

Bi Mwanakombo alipoeleweshwa, hakutania tena. Aliuliza swali moja. "Na huyo dereva yuko wapi?"

"Kwake. Angoja neno langu."

"Basi wakaa wafanya nini hapa?"

Mbarak aliifunga sampu ndani ya gunia, tukapanda gari mpaka Shimanzi. Nilimwambia njiani kwamba angeweza kusubiri mpaka baada ya futari, aongee na Bwana Awadh peke yao, barazani. Akasema, "Dereva aliaibishwa mchana, ghalani, mbele ya wapagazi. Mimi nitasemaje usiku?"

Ghalani palikuwa na watu wanapakua magunia. Mbarak aliamkia, akaitikiwa. Akaomba Kazungu aitwe kutoka kwake, akaja. Kisha akaifungua ile sampu juu ya meza ya Bwana Awadh, oili ikichuruzika, akaonyesha duara.

"Si dereva," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Ni mimi. Nilipima kwa unga wa mahamri nikidhani ni wa chapati. Injini nitaiunda upya kwa gharama yangu. Huyu mpe ufunguo wake."

Watu wakaacha kupakua. Bwana Awadh aliitazama sampu, akamtazama Mbarak, akavuta tasbihi punje moja, mbili.

"Fundi," akasema, "mimi nina maadui katika biashara hii. Wakiniuliza lori langu limeuliwa na nini, niwaambie mahamri?"

Mtu mmoja juu ya magunia akashindwa kujizuia, na ghala zima likacheka. Bwana Awadh hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamnyooshea Kazungu kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto ameshika kifundo cha ule wa kulia, kama mtu anayempa mkubwa wake.

"Nisamehe, Kazungu."

Kazungu hakuupokea.

"Yameisha, bwana," akasema. "Lakini ufunguo sitauchukua leo. Akiifunga tena, nataka nione kwa macho yangu. Niliambiwa ni sawa, na haikuwa sawa."

Nilidhani Mbarak atakasirika. Fundi kusimamiwa na dereva ni kama mpishi kuonjewa chumvi na mgeni. Akasema, "Njoo asubuhi. Njoo na unga wako."

Na kweli, siku ya sampu ilipofika alikuja nao. Mkewe alimkandia donge, maji na unga na chumvi kidogo, amelifunga kwa jani la mgomba. Siku za kabla yake, alizotumia Mbarak kubadilisha beringi na kusafisha kila tundu la oili, Kazungu alikaa kwenye boksi akitazama. Na siku ya sampu alisimama. Mbarak aliurudisha mguu wa mrija mbali na sakafu, akabandika donge, akafunga, akafungua, akakata, akampa Kazungu penseli aweke mwenyewe, vikalingana. Kisha akalikanda donge, akalirudisha, akapima tena. Kisha akaniambia nami nipime. Ndipo akaichukua ile spana fupi, akaanza katikati, moja kushoto, moja kulia.

Tuliizungusha injini bila kuiwasha mpaka taa ya oili ikazima. Msiwashe injini mpya kabla ya hapo. Sababu mtaijua siku mtakayoacha kufanya hivyo.

Bwana Awadh alitaka ijaribiwe bila mzigo. Kazungu akakataa, akapakia mahindi yaleyale. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati, Mbarak dirishani, jua la mchana limewaka. Hapo kwenye dashibodi Kazungu alikuwa na chupa ya maji iliyojaa. Yeye ni Mkristo, hafungi, na siku zote alizokaa kwetu sikumwona akinywa mbele yetu. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Kunywa maji, Kazungu," Mbarak akamwambia tulipovuka Makupa. "Swaumu ni yangu, si yako."

"Baadaye, fundi."

Kilima kikaanza. Akashusha gia, akakanyaga mafuta. Nilitazama taa, Mbarak alitazama taa, Kazungu alitazama barabara. Tulipofika katikati, pale pale ilipokufa, akakanyaga breki. Akasimamisha lori lenye mzigo kwenye mwinuko, pua juu, oili yote imekimbilia nyuma. Magari yakaanza kupiga honi.

"Wafanya nini?" nikamuuliza.

"Nangoja ikose oili." Akahesabu pumzi zake, mikono kwenye usukani. Honi zikazidi, mtu mmoja nyuma akamtukana kwa jina la mama yake. Kazungu akatia gia ya kwanza, akaachia breki, akakanyaga mpaka chini. Injini ikanguruma, lori likajivuta, likatikisika, likapanda. Taa ilibaki nyeusi. Ikabaki nyeusi hadi juu kabisa, mpaka barabara ikalala.

Kazungu akaegesha kando, akazima, akasikiliza. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya, akakitazama juani. Akarudi kwenye kiti chake, akashika usukani, akakaa tu.

Mbarak akachukua ile chupa kwenye dashibodi, akaifungua kifuniko mwenyewe, na midomo yake imepasuka kwa kiu, akamkabidhi.

"Injini imekunywa," akasema. "Sasa kunywa wewe." Kisha akageuza uso dirishani, amwache mwenzake anywe kwa raha.